Jani Ulilomtumia Nderingo

Kariakoo, Dar es Salaam

Mdogo wangu Elisante,

Barua hii ikukute umekwisha kunywa chai, maana najua ukisoma jambo kabla ya chai hukasirika bure. Habari za nyumbani? Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mvua zimefika, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kuwanyeshea wengine? Na yule ng'ombe aliyekataa kumnyonyesha ndama wake, amebadili nia?

Mimi ni mzima. Magoti yangu yananung'unika kwa sababu naishi orofa ya nne, na lifti ya jengo hili hufanya kazi inapopenda. Lakini macho yanasoma, kichwa kinafikiri, na sauti yangu bado inafika dawati la mwisho. Mwanangu Nderingo na mkewe wananitunza vizuri, ingawa wananipa wali kila siku kana kwamba ndizi zimekatazwa na serikali.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe husema "sawa dada, sawa dada" huku unapalilia kahawa. Barua utaisoma mpaka mwisho kwa sababu unajua nitakuuliza maswali.

Nakuandikia kwa sababu ya lile jani la isale ulilompa dereva wa basi amletee Nderingo. Alikuomba, ukalikata, ukalifunga fundo kama inavyotakiwa, ukalituma. Hukumwuliza ni la nini, naye hakukwambia. Jani hilo nusura linipotezee mwanafunzi aliye bora kuliko wote nilionao. Nataka ulijue jambo hili kwa utaratibu wake, kisha nina kazi ya kukupa.

Ulikwisha kusikia kwamba nafundisha tena. Shule iko Gerezani, nyuma ya karakana za vipuri vya magari, na mchana kutwa mafundi wanagonga vyuma huku mabasi ya mwendokasi yakivuma barabarani. Mwalimu mkuu aliniomba nisimamie kipindi cha kusoma, Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, kwa kidato cha pili na cha tatu. Kuna kasha la riwaya za vijana kutoka nchi nyingi, zote za mambo ya kale, zimetafsiriwa kwa Kiswahili kinachosomeka. Mwalimu wa zamu aliniambia kwa huruma, "Mwalimu, hivi vitabu haviko kwenye mtihani, watoto hawatakuja." Wamekuja. Sasa wanagombea viti.

Riwaya tuliyoanza nayo inahusu binti wa milimani huko Uskoti, yapata miaka mia mbili iliyopita. Mwenye ardhi anataka kufuga kondoo, kwa hiyo wakulima wanaondolewa. Katika nyumba zile moto wa mekoni haukuachwa ufe. Usiku ulifunikwa kwa majivu, asubuhi ukafukuliwa, na hivyo ukarithiwa kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Kumzimia mtu moto wake ndiko kulikokuwa kumfukuza.

Nilipoeleza hayo, kijana mmoja aitwaye Hamza, ambaye baba yake anauza betri za magari, akainua mkono.

"Mwalimu, si wangewasha kiberiti?"

"Kiberiti hakikuwapo."

"Basi wangeazima gesi kwa jirani."

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, lakini sikumkalisha chini pia. Nilimwambia afikirie kitu kimoja kwao ambacho kikizimika hakinunuliki Kariakoo. Alifikiri sana. Kisha akasema, "Sauti ya babu anapoadhini." Elisante, tangu siku hiyo sijawahi kuona kipindi kile ni kirefu.

Nimewawekea sharti moja tu: neno "washamba" halitamkwi. Anayetaka kumcheka mtu wa kitabuni sharti kwanza aniambie mtu yule anaogopa nini. Watoto wa mjini hapa wana ulimi mwepesi, na sharti hilo limewapa mzigo wa kubeba. Theluji imenisumbua kidogo. Wao wameiona kwenye picha tu, nami nilikua nikiiona mlimani kila kulipopambazuka, kwa hiyo walinisikiliza kama mtu aliyetoka Uskoti yenyewe.

Basi tukafika sura ya tano. Askari wanakuja kuwatoa watu. Bibi wa yule binti anatia makaa chunguni, anaizunguka nyumba yake huku akinong'ona, kama watu wa huko walivyofanya kuiaga nyumba. Askari ni wageni na lugha yake hawaijui. Wanadhani anawaloga. Mmoja anakipiga chungu teke, makaa yanamwagika matopeni, na moto uliolindwa vizazi vyote hivyo unazimika.

"Hao askari wamechemka," akasema Hamza. "Bibi wa watu anaaga kwake, wao wanaona uchawi!"

"Sema wamekosea," nikamwambia.

"Wamekosea, Mwalimu. Lakini wamechemka pia."

Hapo ndipo Mwanaidi aliponyoosha mkono. Huyu ni msichana mwembamba wa hapo hapo Gerezani, mjukuu wa familia ya pwani iliyokaa mtaa ule tangu zamani. Hasemi mpaka awe na hakika, na akiwa na hakika humrudishi nyuma.

"Mwalimu, si wangemwuliza tu?"

"Lugha yake hawakuijua."

"Hata kwa mikono. Ukiuliza kwa mikono unajibiwa kwa mikono."

Niliandika maneno yake ubaoni, nikaondoka nimeyaacha hapo. Nilikuwa na furaha kama ya mtu aliyeona mche wake umeshika.

Jumanne iliyofuata kiti cha Mwanaidi kilikuwa kitupu. Alhamisi vile vile. Nikamsimamisha Hamza mlangoni.

"Mwanaidi anaumwa?"

"Haumwi, Mwalimu."

"Basi yuko wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Usinichape, Mwalimu."

"Sijachapa mtu tangu nistaafu."

"Kwao wameuza nyumba. Sasa aliyenunua kaja alfajiri kawatupia dawa mlangoni ili wahame haraka. Jani limefungwa fundo! Mtaa mzima unajua. Bibi yake hatoki ndani."

"Na aliyenunua ni nani?"

"Mangi wa vitenge." Nadhani unajua kwamba hapa mjini kila Mchaga mwenye duka huitwa Mangi, hata kama ukoo wake haujawahi kutoa mtawala.

"Mamangi wa vitenge wako wengi," nikasema.

"Ni wako, Mwalimu. Mwanao."

Nilikwenda dukani moja kwa moja. Unajua Kariakoo ilivyo saa kumi: wapagazi na majora vichwani, mikokoteni, wachuuzi wanaotandaza bidhaa hadi miguuni mwa mtu. Mpagazi mmoja akanipigia kelele, "Mama, pisha mzigo!" Sikupisha. Alizunguka yeye.

Nderingo alikuwa akimpimia mteja kitenge. Nilimwomba mteja asubiri nje, naye akatoka bila kubisha.

"Nderingo, umetupa isale mlangoni kwa watu?"

"Sikulitupa, Mama. Nililiweka."

"Nieleze."

Akanieleza. Nyumba ile iliachwa na marehemu mume wa Bi Zuhura, bibi yake Mwanaidi. Wanawe Bi Zuhura walikubaliana kuiuza, na mama yao wakamwambia mwisho, mambo yote yamekwisha kupangwa. Alitia sahihi kwa sababu ni wanawe. Mara baada ya kutia sahihi akauliza, "Na Ramadhani futari nitapikia wapi?" Wanawe wakacheka kana kwamba ametania.

"Na mimi nilicheka, Mama," akasema Nderingo. "Nilicheka kwa kuwa wao walicheka. Nikarudi nyumbani, usingizi ukanikataa. Nikampigia mjomba anitumie isale."

"Halafu?"

"Niliona haya kumtazama usoni. Nikaliweka kizingitini kabla hawajaamka. Nilijua atalielewa."

"Atalielewa vipi? Yeye ni mtu wa pwani. Isale angelijulia wapi?"

"Kila mtu anajua isale, Mama!"

"Kila mtu wa kwetu," nikamwambia. "Na hata kwetu, ni nani aliyewahi kuweka isale mlangoni akakimbia? Isale hupelekwa na mtu, tena mtu mzima, anaketi, anataja kosa. Haliachwi kizingitini kama ankara ya maji."

Hapa ndipo ninapokulaumu wewe, Elisante. Kijana anaomba isale kwa simu kutoka Dar es Salaam, nawe ni mjomba wake, unayejua kwamba jani lile halikatwi ovyo. Ilikupasa kuuliza: umemkosea nani, na nani atalipeleka? Ungeuliza, ungenipigia mimi, nami ningevaa viatu siku hiyo hiyo.

Nderingo alikaa kwenye jora la kitenge, akaniuliza, "Kwa hiyo mimi ndiye askari wa kwenye kitabu chako?" Maana kila jioni ninamsimulia tulipofika.

Amenunua mahali palipouzwa, hakumwibia mtu. Lakini alikuwa chumbani mzee alipouliza swali, naye alicheka. Nikamwambia, "Yule askari hakukosa usingizi. Wewe umeukosa. Kesho alasiri nitakwenda mimi. Wewe kaa hapa mpaka nikuite."

Nilivaa gauni langu la kanisani, nikajifunga kitambaa. Nyumba yenyewe ni ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, imebanwa na maghorofa pande zote mbili kama mtoto aliyelala katikati ya wazazi waliogombana. Nikabisha hodi. Sauti ikaitikia, "Karibu, kama ni heri."

Bi Zuhura alikuwa ameketi mkekani, mgongo umenyooka. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi.

"Shikamoo, Bibi," nikasema, na sauti yangu ikanishangaza, maana siku hizi mimi ndiye ninayeamkiwa.

"Marahaba. Na wewe mtu mzima hivyo, umemjia nani?"

"Mimi ni mwalimu wa Mwanaidi. Na ni mama yake Nderingo aliyenunua nyumba hii."

"Ala! Mama Mangi mwenyewe." Alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa. "Keti. Hasira zangu hazikunyimi mkeka."

Nikaketi, na magoti yangu yakaniambia yaliyoniambia. Bi Zuhura akamwita mjukuu wake alete kopo. Mwanaidi akatoka chumbani na kopo la maziwa ya unga, amelishika kwa kitambaa, mbali na kifua. Hakuniamkia. Akaliweka chini, akarudi nyuma hadi ukutani. Ndani mlikuwa na jani letu, limekunjamana, fundo lako bado limekaza. Walikuwa wamelisukumia humo kwa kijiti cha ufagio, wakalifunika.

"Lenu hilo?" akauliza Bi Zuhura.

"Letu." Nikatia mkono, nikalitoa.

"Mwalimu!" akapiga kelele Mwanaidi. Alisahau kwamba hasemi nami.

Ningeweza kueleza papo hapo. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima njiani. Lakini nimesimama mbele ya watoto maisha yangu yote, na najua kwamba jibu ambalo mtu hajaliuliza halimwingii. Nikamgeukia yule binti, jani likiwa kiganjani.

"Mwanaidi. Sura ya tano. Askari walikosea wapi?"

"Jamani!" akasema Bi Zuhura. "Anamtahini mtoto ukumbini kwangu!"

"Uniwie radhi, Bibi. Mwanaidi, nasubiri."

Akatazama jani. Akamtazama bibi yake. Nikaona mdomo wake ukijaribu jibu kabla ya kulitoa, kama afanyavyo darasani.

"Hawakuuliza," akasema. Kisha taratibu sana, "Bibi, na sisi hatujauliza."

Bi Zuhura akazungusha bangili yake, akaizungusha tena. "Haya, Mama Mangi. Nakuuliza mimi, kwa mdomo wangu. Jani hili ni la nini?"

Nikamweleza. Kwamba kwetu masale huota mipakani mwa vihamba, yale mashamba yetu ya ukoo, na kwenye makaburi ya wazee. Kwamba mtu akimkosea mwenziwe hulifunga fundo, akamtafuta mtu mzima wa kulipeleka, na anayepelekewa, hata awe na hasira ya namna gani, halirudishi. Kwamba mwanangu amekosa mara mbili: alicheka alipoulizwa futari itapikwa wapi, na alilileta jani akakimbia.

"Ngoja," akasema. "Kijana alikuja kuniomba radhi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Halafu akanikimbia mimi? Mimi, kwa miguu hii?"

"Alikukimbia."

Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha mabega yote. "Nimefukizwa ubani! Nimekunywa kombe chungu kama shubiri! Kumbe naombwa radhi!" Mwanaidi naye akacheka huku anafuta macho, na mimi, nakiri, nilicheka mbele ya mwanafunzi. Bi Zuhura alipotulia akasema, "Mwite. Nataka kusikia mdomo wake. Jani halina ulimi."

Nderingo akaja akikimbia kutoka dukani. Alivua viatu, akaketi mkekani na unene wake wote, akasema, "Shikamoo, Bibi. Ulipouliza, nilicheka. Nisamehe." Hakuongeza kitu, na hapo nilijua nilimlea.

Bi Zuhura akapokea jani kutoka mkononi mwangu.

"Nimelipokea," akasema. "Lakini nikwambie, Mangi. Wewe ulicheka, umekuja. Walioiuza nimewazaa chumba kile pale. Wao hawajaniletea hata jani."

Nderingo akageuka kukitazama chumba kile.

Kisha akasema ana mambo mawili. La kwanza, atafunga Ramadhani hii ndani ya nyumba yake, atapika futari jikoni kwake, na Idi itamkuta hapo. Baada ya hapo atahamia Kigamboni, kwa mwanawe wa kike. Nderingo akakubali. Mimi nikamtaka ampigie msimamizi wa mafundi waliongoja kuanza kazi pale, aisogeze mbele, hapo hapo mbele ya Bibi, naye akapiga na sote tukasikia.

La pili lilihusu jani. "Hili limekauka," akasema. "Nataka lenye mizizi. Nitalipanda mpakani huko Kigamboni. Majirani wapya wakiliona watadhani nimeleta uchawi. Sasa wataniuliza, au hawataniuliza? Nitawajua kwa hilo."

Jumanne Mwanaidi alikuwa kitini kabla ya kengele. Alisimama, akaniamkia vizuri. Hamza akamwuliza, "Vipi, umelogwa, umepona?"

"Nyamaza, muuza betri. Nenda kaulize kwanza ndiyo uongee."

"Nimuulize nani sasa?"

"Mimi. Kaa hapa nikusimulie."

Alilisimulia darasa yeye mwenyewe, nami nilikaa nyuma kama mwanafunzi. Sikumsahihisha hata mara moja, ingawa nafasi zilikuwapo. Nilipomwuliza atafanyaje watakapohamia ng'ambo, alinishangaa.

"Nitavuka Magogoni, Mwalimu. Pantoni si ipo?"

"Na foleni yake?"

"Nitasomea kwenye foleni."

Naye atasomea, namjua. Riwaya tumebakiza sura mbili, na inayofuata inatoka Japani ya zamani. Hamza alipochungulia kurasa za mwanzo akauliza kwa nini wale watu wanavua viatu mlangoni. Mwanaidi akamjibu, "Kwani kwenu mnaingia navyo?" Nadhani somo limekaa.

Sasa kazi yako. Nenda mpaka wa chini, ule ulio kando ya mfereji, ambako masale ya Baba yamesongamana. Chimba moja changa, lenye mizizi na udongo wake, ulifunge kwa gunia bichi. Ulisitiri na jua. Likifika nitalilowesha mwenyewe, na baada ya Idi tutavuka nalo sote: Bi Zuhura, Mwanaidi, Nderingo na mimi. Bibi amesema nitalishika mimi mpaka ng'ambo, kwa kuwa mimi ndiye mtu mzima wa kulipeleka, na kwamba nikisikia kichefuchefu pantonini nisithubutu kuliweka chini.

Msalimu wifi yangu, umwambie kahawa aliyonitumia imenifanya nionekane tajiri jengo zima. Msalimu shangazi yetu aliyenifundisha kuhesabu kwa mbegu za maharage, na mwinjilisti wa mtaa anayesali sala ndefu kuliko wote, na yule jirani wa ng'ambo ya mfereji ambaye mmegombana juu ya maji. Huyo msalimie kwa kwenda kwake, si kwa kupaza sauti kutoka kwako. Mwambie mwanao mkubwa ajibu barua kwa maneno kamili.

Na isale usimpe dereva safari hii. Mpe huyo mwanao, alilete mapajani mwake, na kabla hajapanda basi mwambie ni la nani na kwa nini. Asipokuuliza, usimpe mpaka aulize.

Ni mimi dada yako, anayekulaumu kwa sababu anakupenda,

Aikande